Kugusa Si Kuunga

Akiwa juu ya ngazi, kichwa kimeingia darini na masizi yakimjaa puani, Inspekta alitukana.

"Umemtaja mama yake nani?" Sajenti aliuliza kutoka chini, mikono yote miwili imeshika ngazi.

"Mama yake bomba. Nipe tochi."

Kituoni walimwita Pilipili, na wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya uwanja. Sajenti, mzee aliyekaribia kustaafu, alikwisha kumzoea. Alimpa tochi, akakohoa, akaishika ngazi tena.

Kilikuwa chumba cha mashuka cha jengo jipya la hospitali, au tuseme kilichobaki. Rafu zimejikunja, kuta nyeusi, mashine ya kukaushia nguo iliyoanzisha moto imebaki bati tupu. Kwenye dari vinyunyizio vya maji vilikuwa vimepasuka vyote. Ndivyo vinavyotakiwa: moto ukipanda, kioo chembamba kilicho ndani ya kinyunyizio hupasuka, mdomo ukafunguka, maji yakamwagika. Basi vilipasuka, midomo ikafunguka, na halikushuka hata tone. Mwanamke aliyekuwa akikunja mashuka humu alikuwa amefundishwa, yeye na wenzake, kwamba moto ukitokea wasikimbie wakakanyagana. Maji yatashuka yenyewe, waliambiwa, nyinyi tembeeni taratibu kwenda mlangoni. Alikuwa mtu wa kusikia anachoambiwa, akatembea taratibu.

Inspekta alimulika. Bomba kubwa la korido lilipita nyuma ya tundu la ukuta, na alipoligonga kwa spana lilitoa mlio mzito wa kitu kilichojaa maji. Bomba dogo la chumba hiki lilipenya tundu hilo likaja kuishia juu ya lile kubwa. Juu yake, si ndani yake. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kizibo cha chuma, na alipoligonga lililia tupu. Alipitisha kiganja katikati ya mabomba hayo mawili. Kilipita bila shida.

"Afande, hilo pengo tulishaliona," Sajenti alisema. "Limo kwenye jalada. Fundi hakuunga."

"Kizibo mlikitazama?"

"Kizibo ni kizibo."

Inspekta alikibana kwa spana, akaning'inia nacho mpaka kikakubali kuzunguka, akakitoa. Kwenye nyuzi zake kulikuwa na tepu nyeupe, imezungushwa kwa mpangilio, mzunguko juu ya mzunguko, haikukunjamana popote. Alimrushia Sajenti.

"Mzembe anafunga tepu hivi?"

Sajenti alikigeuza kizibo mkononi. Kwao walikuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hiyo mafundi wazembe aliwajua kwa majina na kwa sura. "Mzembe hafungi tepu kabisa. Mzembe anapaka rangi juu, halafu anazima simu."

"Basi huyu hakusahau. Huyu aliambiwa aweke." Inspekta alishuka ngazi kwa kishindo. "Na sisi tumemweka ndani."

---

Kwenye benchi la nje ya kituo alikuwa ameketi mume wa marehemu. Kila siku alikuja asubuhi akaketi hapo, shati limenyooshwa, mkanda umebana, mikono magotini. Inspekta alimwambia aende nyumbani kwa watoto.

"Nimekuja kuhakikisha hatoki," alijibu bila kuinua macho.

Na aliyekuwa ndani ni mdogo wake, tumbo moja. Ndiyo kesi yenyewe ilivyokuwa chungu. Fundi bomba ndiye aliyemtafutia shemeji yake ile kazi ya mashuka, alipokuwa akifunga mabomba kwenye jengo lile lile. Alimwambia kazi ni safi na jengo ni salama. Sasa mwendesha mashtaka alikuwa ametuma salamu kwamba alasiri anakuja kuchukua jalada, na jalada likishatoka hapo, fundi angehesabiwa mwuaji wa mke wa kaka yake mpaka mahakama iseme vingine, na mahakama haina haraka.

Fundi aliingizwa chumba cha mahojiano huku ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mkanda wake ulichukuliwa siku ya kwanza, na kama kawaida ya kituo kile, hakuna aliyejua umewekwa wapi.

Inspekta aliweka kizibo mezani. "Hiki ni chako?"

"Changu."

"Kwa nini ulikiweka?"

"Mchoro ulikuwa na kizibo hapo. Nimesema, Afande. Nimesema mpaka nimechoka."

"Hukushangaa? Bomba la kuzimia moto lina kizibo, maji yanaingilia wapi?"

"Mimi nilipewa chumba. Korido walifunga wengine. Karatasi yangu ilionyesha chumba kwa juu, na urefu wa kutundika kila bomba. Kizibo nilidhani ni cha akiba, siku wakiongeza chumba. Maji nilidhani yanatoka upande wa pili. Nilidhani. Ndiyo kosa langu hilo, nilidhani. Kaka bado yuko nje?"

"Yuko."

"Amekula?"

Inspekta alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Kwenye jalada kulikuwa na mchoro mwingine, ule uliotoka kwa kampuni ya wahandisi, unaoonyesha dari kwa ubavu. Humo bomba dogo lilishuka vizuri kabisa likagusa bomba kubwa. Mhandisi mkuu wa kampuni aliuleta mwenyewe, akaweka kidole juu yake, akasema, "Sisi tuliunga. Muulizeni fundi wenu." Na asubuhi hii, alipopigiwa simu na kuulizwa nani aliyechora, akaongeza, kwa upole wa mtu anayetoa sadaka, kwamba kama si fundi basi ni mchoraji wake. Jina la mchoraji ndilo lililobaki kwenye kumbukumbu za programu ya kuchorea. Tena wamekwisha kumpa likizo.

"Ala! Mara fundi, mara mchoraji," Inspekta alisema korido nzima ikasikia. "Huyu bwana ana kapu la watu wa kutupia lawama? Sajenti, gari!"

---

Mchoraji alikuwa akianika nguo barazani, mtoto amelala mgongoni. Alipoona sare hakusalimu. Alikung'uta shuka, akalitundika, akabana vibanio viwili kwa nguvu.

"Mmechelewa," alisema. "Nilidhani mtakuja siku ile ile waliponifukuza."

"Wamesema likizo."

"Likizo gani ya kunyang'anywa funguo?"

Ofisini walimwita Mama Msafara. Inspekta alimuuliza kwa nini, na yule dada akaingia ndani, akarudi na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza ya cherehani. Alifungua nyumba ndogo ya mazoezi, nyumba isiyokuwepo popote, yenye vyumba vitupu na mabomba ya rangi ya kijani darini.

"Tazama. Nikitaka kulipandisha bomba hili, nalishika lenyewe, navuta." Alivuta. Bomba lilipanda, elbo, kile kiungo cha kona, ikalifuata, tii ya njia tatu ikafuata, na matawi yote yaliyoshikamana nalo yakanyanyuka pamoja. "Moja likienda, yote yanaondoka. Ndiyo msafara wenyewe. Walinicheka mno kwa hilo. Maana msafara ukiondoka unagonga vitu vya watu. Unagonga dakti, yale mabomba ya hewa ya mwenzangu wa viyoyozi, programu inapiga kelele, kazi inachukua siku."

"Wasiopenda msafara wanafanyaje?"

"Wanaachia kwanza. Wanafuta elbo, bomba linabaki peke yake, wanalipandisha, hakuna kelele ya kugongana. Halafu wanasema, nitaunga baadaye."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Sajenti alisema.

"Matumbo ya wengine, mzee wangu. Si yao." Alifanya hivyo hivyo alivyosema: alifuta elbo, akapandisha bomba, akaigeuza picha ionekane kwa juu. "Haya, Afande. Yameungana?"

Inspekta alitazama. Ncha ya bomba dogo ilikuwa imelala juu ya bomba kubwa. "Yameungana."

"Ndivyo wanavyosema wote." Aliigeuza kwa ubavu. Pengo. "Kwa juu unaona yanagusana. Kugusa si kuunga. Programu haijali jicho lako limeona nini, inajali kama ncha zimeshikana." Alibonyeza bomba kubwa, na rangi ikakimbia ikaingia kila bomba lililoshikana nalo, chumba hadi chumba, ikaisha. Lile dogo lilibaki bila rangi. Kwenye ncha yake kulikuwa na alama ya njano ya hadhari.

"Na hiyo njano?"

"Inakwambia hapa pako wazi. Ukitaka inyamaze kuna amri ya kuziba ncha zote zilizo wazi. Ona." Alibonyeza. Kizibo kilijiweka kwenye ncha ya bomba, safi kabisa, na alama ya njano ikatoweka. "Kelele zimekwisha. Karatasi ikichapwa, kizibo kimo."

Inspekta alitoa mfukoni kizibo cha chuma chenye masizi, akakiweka kando ya kompyuta. Mama Msafara alikitazama, kisha akaitazama skrini, akajishika kinywa.

"Hicho ndicho..."

"Ndicho. Fundi aliweka alichoona." Alikunjua ule mchoro wa ubavuni kutoka kwenye jalada. "Sasa nieleze hiki. Hapa wameonyesha limeshuka, limeungana."

Mama Msafara aliinamia karatasi. Hakuchukua muda. Alicheka, kicheko kisicho na furaha hata kidogo.

"Elbo iko wapi? Bomba halipindi kona bila elbo, na tii haipo pia. Hili si bomba, Afande. Huu ni mstari. Mtu amechora mstari wa kawaida juu ya karatasi, kama mtoto anavyochora, ili wanaokagua waone pamefunikwa. Ukiufungua kwenye programu ukaubonyeza, utakwambia wenyewe: mstari."

"Na jina lililobaki pale ni lako."

"Nilimpeleka mwanangu kliniki mchana, kompyuta nikaiacha wazi. Nani anafunga kompyuta ofisini kwenu?"

Hakuna aliyefunga. Inspekta alijua hivyo. Pia alijua kwamba mtu akisema nilikuwa kliniki, mwendesha mashtaka anasema lete ushahidi, na ushahidi wa kliniki hausemi nani alikaa kwenye kiti. Jina linaweza kuazimwa. Alitembea barazani, akarudi, akasimama mbele ya shuka lililoanikwa.

"Kila mtu ana namna yake ya kushika," alisema. "Wewe unavuta. Mwingine anaachia. Mtu hubadilisha maneno, mkono hausikii. Unaweza kutengeneza nakala ya lile jengo la hospitali, chumba kile kiwe bado kimeungana?"

"Ipo ofisini. Naweza kulirudisha bomba chini na kuliunga."

"Mtafutie mtoto mtu wa kubaki naye. Twende."

---

Kampuni ya wahandisi ilikuwa na ofisi moja ndefu yenye meza za wachoraji, na mwisho wake chumba cha kioo. Kwenye chumba cha kioo alikaa Mkuu. Alikuwa na shati jeupe, saa nzito, na tabia ya kuzungumza na wanawake kwa kuinamisha kichwa upande mmoja.

"Karibu, dada yangu," alisema.

"Mimi si dada yako. Mwendesha mashtaka anataka kuelewa michoro inavyofanywa, asije akaulizwa mahakamani akababaika. Nataka nionyeshwe. Bomba la chumba cha mashuka lilipandishwaje ili dakti ipite."

Mkuu alitulia. Hilo lilimfaa. "Bila shaka. Wataalamu wangu hawa hapa. Mimi mwenyewe sijashika kipanya tangu nikae chumba hiki. Kazi yangu kutia saini." Kisha akamwona Mama Msafara nyuma ya Sajenti. "Na huyu?"

"Huyu ni mtuhumiwa wangu," Inspekta alisema, na Mama Msafara akanuna vizuri sana, maana hakuwa na haja ya kuigiza.

Mwingine aliyekuwepo ni mhandisi wa viyoyozi, kijana mrefu waliyemwita Feni kwa sababu akianza kuzungumza hazimiki. Siku hiyo alikuwa amezimika. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake akiuma kifuniko cha kalamu.

Mama Msafara ndiye aliyeanza. Alikaa kwenye kompyuta aliyokuwa akiitumia hapo, akatayarisha nakala kama walivyokubaliana, kisha akavuta. Msafara uliondoka. Skrini ikajaa nyekundu kila mahali mabomba yalipogonga dakti.

"Mnaona!" Mkuu alisema. "Mnaona kazi ya huyu mama? Kila siku hivi!"

"Rudisha," Inspekta alisema. "Feni, zamu yako."

Feni alikaa. Aliishika dakti, akaisogeza, programu ikamwonya, naye akabonyeza ghairi. Akajaribu tena, akabonyeza ghairi. Jasho lilimtoka. "Mimi mabomba siyagusi," alisema. "Mimi naomba nafasi tu, halafu... halafu napewa."

"Nani anakupa?"

Feni alikitazama kifuniko cha kalamu.

"Sajenti," Inspekta alisema, "jaribu wewe."

"Mimi, Afande?"

"Kaa."

Sajenti alikaa, kiti kikalalamika. Alikishika kipanya kama anayeshika sabuni iliyolowa. Alilenga bomba, akabonyeza ukuta. Akalenga tena, akafuta mlango. Akauliza kama mlango unahitajika. Inspekta alimwambia aendelee. Akavuta kitu, choo kikahamia korido.

"Jamani!" Mkuu alisema.

"Mwache ajaribu."

"Anaharibu! Mzee, lile la kijani. La kijani! Hapana, usivute, ukivuta..."

Sajenti alivuta. Nusu ya jengo ikanyanyuka.

"Toka!" Mkuu alimsukuma Sajenti begani, akachukua kiti, saa ikagonga meza. "Hamwezi kitu kidogo namna hii? Kitu cha dakika moja!" Mkono wake ulikwenda wenyewe. Alirudisha yote nyuma, akasogelea bomba la chumba cha mashuka, akabonyeza elbo, akaifuta. Bomba likabaki peke yake. Akalipandisha kiganja kimoja. Alama ya njano ilitokea. Akaita amri ya kuziba ncha, kizibo kikakaa, njano ikatoweka. Akafungua mchoro wa ubavuni, na pale palipokuwa na pengo akachora, shwa, kutoka juu hadi chini. "Basi! Dakti inapita, hakuna kelele, karatasi safi. Shida iko wapi?"

Feni aliiweka kalamu mezani.

"Hicho ulichochora mwisho," Inspekta alisema polepole, "ni nini?"

"Bomba."

"Libonyeze."

Ndipo Mkuu alipotazama mkono wake mwenyewe. Aliuondoa kwenye kipanya na kuuweka pajani.

"Sajenti hajui, mimi sijui. Wewe unajua. Libonyeze!"

Mama Msafara alinyoosha mkono juu ya bega lake akabonyeza. Kwenye pembe ya skrini programu iliandika neno moja: *Mstari*. Kisha, bila kuambiwa, akaifunga nakala, akafungua jengo halisi, lile lililojengwa, lililoungua. Akabonyeza ule mstari uliokuwa kwenye mchoro wa jalada. *Mstari*. Akabonyeza bomba kubwa la korido. Rangi ilikimbia wodi hadi wodi, ikaingia jikoni, ikaingia ghala la dawa, ikaingia hata choo cha wageni. Ilipofika chumba cha mashuka haikuingia.

"Umesema hujashika kipanya tangu ukae kwenye kioo," Inspekta alisema.

"Yeyote angeweza kufanya hivyo. Ni njia ya kawaida. Jina lililopo ni la huyu mama!"

"Nilikuwepo," Feni alisema.

Mkuu aligeuka. "Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha. Mama Msafara alikwenda kliniki. Wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake, na dakti yangu haipiti. Ukakaa pale pale ulipokaa sasa. Ukaniambia, Feni, nimekupa nafasi. Nikakushukuru. Nilikushukuru, jamani."

Mkuu alisimama, akanyoosha shati. "Ningeunga. Nilikuwa na nia ya kuunga. Wakishapita wakaguzi ningerudi niunge. Na majaribio ya maji yalifanyika, geji ya presha ilisimama imara, haikushuka hata kidogo! Ningejuaje?"

"Geji ingeshukaje, bwana?" Inspekta sasa alipiga kelele, na wachoraji wa meza za mwisho wakainuka. "Mlipima korido! Bomba lenye kizibo lisilo na maji litavuja nini? Ulifuta elbo, ukanyamazisha onyo, ukachora mstari ili mkaguzi asione, ukatia saini. Kisha mtu akafa, ukachukua mstari huo huo ukauleta kituoni kwangu, ukauwekea kidole! Ukaniangalia machoni! Umemwona yule fundi? Ameshika suruali kwa mkono. Kaka yake anakaa kwenye benchi kila siku anamwombea afungwe. Hilo ungeunga lini?"

"Nina mwanasheria."

"Mpigie. Mwambie asiseme atakuja baadaye."

---

Mwendesha mashtaka alikuja alasiri kama alivyoahidi, akakuta jalada lina jina jingine juu yake. Alilalamika. Inspekta alimwambia akae alalamike kwa starehe, chai ipo, yeye ana kazi.

Alitoka nje. Kwenye benchi kaka mtu alikuwa vile vile, mikono magotini. Wakati huo huo Sajenti, aliyebaki nyuma kumsubiri mwanasheria, alikuwa akimshusha Mkuu kutoka kwenye gari, shati jeupe limetoka kiunoni. Walipita mbele ya benchi, wakaingia.

Inspekta aliketi kando ya yule mume. Hakuwa mtu wa kuketi na watu, na hakujua aanzie wapi, basi alieleza moja kwa moja: bomba halikuunganishwa tangu kwenye kompyuta, mdogo wako alipewa karatasi yenye kizibo akaweka kizibo, aliyefanya hivyo ni yule aliyepita sasa hivi. Mume wa marehemu alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule mwenye saa?"

"Yule."

"Alikuwa na ugomvi na mke wangu?"

"Hakumjua."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Yule bwana alipumua kwa nguvu. "Nilikuwa na mtu wa kumchukia," alisema. "Nilikuwa naye wangu mwenyewe, namjua, nimemlea. Nilimwambia mama yetu mzazi kwamba amezaa mwuaji. Nilimkataza asikanyage kaburini. Sasa unaniletea mtu mwenye saa." Alipiga benchi kwa ngumi, mara moja, kisha tena. "Yule nitamchukia vipi? Hata simjui!"

Inspekta aliendelea kukaa naye.

Mlango ulifunguliwa. Fundi alitoka na mfuko wake wa plastiki, mkono mmoja umeshika suruali. Mkanda wake haukuonekana. Sajenti alikuwa ametafuta kila kabati na kuapa kwamba atamnunulia mwingine. Alipomwona kaka yake alisimama pale pale mlangoni, asisogee mbele wala kurudi nyuma.

"Kaka, shikamoo."

Haikuitikiwa. Mkubwa aliinuka, akamwendea, akasimama karibu naye kabisa. Inspekta naye aliinuka, kwa sababu ngumi ile aliiona kwenye benchi. Lakini mikono ya yule bwana ilishuka kiunoni mwake mwenyewe. Alifungua mkanda wake, akauvuta tundu kwa tundu mpaka ukatoka wote, akampa mdogo wake.

"Vaa," alisema. "Watoto wanakuulizia kila jioni, baba mdogo yuko wapi. Wasikuone hivyo."

Fundi alijaribu kuuvaa, vidole vikakataa. Kaka yake alisubiri kidogo, kisha akainama akamfungia mwenyewe.